Vitabu vya Karani na Kopo la Shangazi

Boksi lilinuka mafuta ya taa na dagaa. Tulikuwa tunafunga nyumba ya Mama hapa Tunduma, wiki tatu baada ya kumzika, na nilijiandaa kukutana na vumbi, panya, hata machozi, lakini ile harufu sikuitegemea. Mdogo wangu Ezekia aliliburuta kutoka uvunguni mwa kitanda, akaliweka miguuni pangu.

"Dada, vitabu vyako," akasema. "Vile vilivyoniokoa."

Nilifungua mfuniko, nikaviona vyote vitatu vimelala kama nilivyovilaza mwenyewe nikiwa na miaka kumi: kitabu cha kesi, kitabu cha wapelelezi na kitabu cha afya. Ezekia akasema anavitaka kwa ajili ya binti yake, ambaye amempa jina langu. Alisema anataka akue mwenye akili za kunusa mambo, kama shangazi yake. Akatoka kwenda kuita bajaji, akaniacha nimekaa juu ya kitanda kisicho na godoro.

Niseme mapema, asije mtu akadhani namficha kitu. Mimi pia nilikuwa na shangazi. Ndani ya kopo lake la maziwa mlikuwa na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na uhai wake wote ulikuwa humo. Mimi ndiye niliyesababisha zikamwagwa chooni. Sikufanya kwa chuki. Nilimpenda kuliko mtu yeyote mle ndani, na hilo halijawahi kunisaidia kitu.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka tulivyokuwa tukisoma. Tulisoma gazeti lililofungia vitumbua, tulisoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea, tulisoma tangazo la mwaka juzi ukutani. Kwa hiyo karani wa mahakama aliyepanga chumba chetu cha uani alipohamishwa, akasema vitabu ni vizito kuliko godoro lake na akaniachia boksi, nilijiona nimerithi ufalme. Aliniinamia akasema, "Hizi si hadithi, binti. Hadithi ni za watoto. Humu ni mambo yaliyotokea kweli." Maneno hayo yalinilevya. Tangu siku hiyo kila mstari niliousoma niliuamini kama neno la madhabahuni.

Kitabu cha kesi kilikuwa na mashauri ya watu walioua ndugu zao. Lilikuwapo shauri la mwanamke aliyetia sumu kidogo kidogo katika uji wa familia, na nililisoma mpaka kurasa zikalegea. Kitabu cha wapelelezi kilieleza jinsi mtu wa siri anavyotambulika: ana jina zaidi ya moja, ana safari zenye siku maalumu, ana mahali pa kupokea kitu, na anaharibu karatasi. Kile cha afya kilikuwa na michoro ya matumbo na choo cha shimo, nami nilikiona cha kijinga. Nani anataka kusoma habari za kuchemsha maji wakati kuna watu wanaficha barua ndani ya kisigino cha kiatu?

Aliyekitaka kitabu cha afya ni Shangazi Rodha. Alikuwa dada yake Baba, mjane, aliyekuja kwetu kutoka Ruanda, kijiji cha huku kwetu, baada ya mumewe kufa kwa ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kushusha sauti. Mama alimhitaji. Mama alikuwa akiwauzia chakula madereva wa malori kule kwenye foleni ya mpakani, na Ezekia alikuwa mchanga, hivyo Shangazi alibaki naye mchana kutwa, akimpa uji na maziwa ya chupa. Baba alikuwa dereva wa fuso la mahindi, leo yuko Igamba, kesho hayuko. Shangazi alisoma kwa shida, herufi kwa herufi. Jioni tukiwa tunachambua maharage alikuwa akiniambia, "Mwanangu, nisomee pale penye mtoto kuhara." Nasoma huku napiga miayo. Yeye anasikiliza mdomo wazi, kisha anakwenda kuichemsha ile chupa ya mtoto katika sufuria mpaka inakuwa na rangi ya jino bovu.

"Wifi, utaiyeyusha chupa ya watu," Mama alimwambia siku moja.

"Kitabu kinasema ichemshwe, wifi."

"Kitabu ndicho kilichomzaa?"

Basi akawa anaichemsha Mama akiwa kazini. Jioni na usiku Mama mwenyewe, au bibi yangu mzaa mama aliyekuja kutoka Momba kusaidia malezi, aliisuuza chupa kwa maji ya kisima na kuijaza tena. Ezekia aliendelea kuhara. Alikonda akabaki macho. Bibi alianza kumtazama Shangazi kwa namna ambayo hata mimi mtoto niliiona, na hapo ndipo ile kesi ya uji ilipoanza kutembea kichwani mwangu.

Nilichukua daftari la hesabu, nikaligeuza nyuma kuwa mbele, nikaanza kazi. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi Shangazi alivuka kwenda Nakonde. Alisema anafuata vitenge vya Zambia vya kuuza, na kweli alirudi na vitenge, lakini viwili au vitatu tu, vya kwenda na kurudi mara moja sokoni, wakati yeye alikawia kutwa nzima. Niliandika. Kila jioni, king'ora cha kiwanda cha kukoboa kikilia, aliingia chumbani na kikombe cha maji akafunga mlango. Niliandika. Chini ya mto wake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake pamba, na ndani ya pamba vidonge vyeupe visivyo na jina. Hilo nalo niliandika.

Halafu kitabu cha afya kikachanika. Nilikifungua siku moja nikakuta kurasa kama nane hivi katikati zimetolewa kwa uangalifu, zimekatwa karibu na mshono. Nilimuuliza Shangazi. Akasema labda ni Ezekia. Mtoto asiyeweza hata kukaa! Kitabu cha wapelelezi kilikuwa kimeshaniambia kwamba mtu wa siri huharibu karatasi, nami nikapigia mstari.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi ilipofika nilitoroka shule nikamfuata. Kwa mtoto wa Tunduma kuvuka mpaka si jambo. Unapita katikati ya malori na wanawake wenye mabeseni, hakuna anayekuuliza. Shangazi alipita soko la Nakonde bila hata kugeuza shingo. Akaenda mpaka kwenye jengo la bati la kijani lenye benchi nje. Nilijificha nyuma ya banda la mkaa. Kwenye mabenchi walikaa watu wengi, wamevaa vizuri, wazima kabisa, ila hawakuongea. Hospitali niliyoijua mimi ilikuwa na watu wanaokohoa na watoto wanaolia. Pale hakukohoa hata mmoja, ndiyo maana haikunijia kabisa kuwa ni kliniki. Akatoka mtu mwenye koti jeupe akaita, "Meri Namwinga!"

Shangazi yangu akasimama.

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyosikia mwilini. Ilikuwa furaha. Mtoto aliyeona kitabu kikisema kweli mbele ya macho yake hasikii huruma, anasikia ushindi. Jina la pili, siku maalumu, mahali pa kupokea kitu. Nilimwona akipewa kichupa, akatoa pamba kwenye sidiria, akaijaza humo ili vidonge visilie akitembea. Leo najua kwamba wengi wetu huku mpakani tulifanya hivyo, na wapo wanaofanya mpaka kesho: wa Tunduma wanakwenda kuchukulia dawa Nakonde, wa Nakonde wanakuja kuchukulia Tunduma, kila mmoja na jina la kuazima, ili mtu wa mtaani kwake asimwone kwenye benchi lile. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba mdogo wangu anakufa na mimi nimemjua anayemuua.

Jumapili baada ya ibada nilimwambia Bibi. Sikuwa nimemaliza ukurasa wa kwanza wa daftari alipomwita Mama, na Mama akamwita Baba. Tukaketi sebuleni. Chakula kilikuwa mezani, wali na nyama kwa sababu Baba alikuwa nyumbani. Niliambiwa nisimame nisome, nami nikasoma kwa sauti ileile niliyotumia kusoma zaburi kanisani. Kopo lilikuwa katikati ya meza, karibu na bakuli la mchuzi.

"Wifi, hiki nini?" Mama akauliza.

"Dawa yangu ya tumbo."

"Ya tumbo unaifuata Zambia? Maduka ya dawa ya Tunduma yamefungwa?"

Mama akageukia daftari langu.

"Na huyo Meri ni nani?"

Akamtazama Baba. Hakututazama sisi wengine hata kidogo, alimtazama kaka yake tu, na nadhani Baba alijua. Mumewe Shangazi alizikwa na Baba mwenyewe. Aliuona ule mwili. Kama alijua, basi alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Aliinamia mikono yake.

"Dada, sema neno," akasema.

"Nimeshasema, kaka. Ni dawa yangu."

Bibi alikuwa amempakata Ezekia. Aliongea taratibu, Kiswahili chake kikivuta Kinamwanga. "Kwetu Momba, enzi za babu zangu, jambo hili lisingefika saa sita. Mtu anapewa mwavi, ile dawa ya kiapo, anywe. Mwenye moyo mweupe anatapika, anajiendea zake. Mwenye jambo lake, unatulia tumboni."

"Mama, sisi watu wa kanisa," Baba akasema.

"Nimesema mwavi mimi? Nimesema ameze vya kwake mwenyewe. Kama ni dawa, ataogopa nini?"

Mama akafungua kopo, akatoa kidonge kimoja, akakiweka mbele ya Shangazi. Nikapewa kazi ya kuchota maji. Shangazi alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akaniambia, "Asante, mwanangu." Akameza. Kisha tukakaa kumtazama.

Hakuna aliyekula. Mafuta ya mchuzi yaliganda juu. Shangazi alikaa wima, viganja juu ya magoti, na sasa nadhani alikuwa na matumaini, maana alidhani tunangoja kuona kama atadhurika. Kila dakika iliyopita akiwa mzima aliihesabu kuwa ya kwake. Hakujua kwamba Bibi anahesabu kinyume. Tumbo lake lilikwishazoea dawa ile, halikutikisika. Baada ya muda mrefu aliinua uso akatabasamu kidogo. "Mmeona?" akasema.

"Tumeona," Bibi akajibu. "Hukutapika."

Nilikuwa nimesimama karibu nikauona uso wake ukielewa. Alifungua mdomo. Neno lilikuwapo pale, angeweza kulisema, na lingemsafisha na sumu. Lakini angetengewa sahani, kikombe, kitanda, na mtoto asingempakata tena. Mtaani kwetu siku zile mtuhumiwa wa sumu aliombewa kanisani akarudi kundini. Mwenye ule ugonjwa hakurudi popote. Akafunga mdomo. Kati ya majina hayo mawili, la sumu na la ugonjwa, alichagua lile aliloona jepesi, na mpaka leo sina ubavu wa kusema alikosea.

Mama alikwenda kumwaga kopo chooni. Baba alimpeleka Shangazi Iyula siku ileile kwa fuso, nyumbani kwa baba mkubwa, kwenye mibuni, na ikaamriwa asikanyage tena mpakani. Alinibusu kichwani kabla ya kupanda. Mimi nilishika daftari langu.

Na Ezekia akapona. Hapo ndipo msumari ulipogongwa. Kwa kuwa hakukuwa na wa kubaki na mtoto, maana Bibi naye miguu ilimvimba, Mama aliacha kuuza chakula akakaa nyumbani akimnyonyesha. Chupa ikatupwa juu ya kabati. Wiki mbili tu, kuhara kukakoma, mashavu yakarudi. Nani angeulizwa kuhusu chupa? Mtaa mzima ulikuja kumwona mtoto aliyeokolewa na dada yake. Mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa. Nilipewa soda nzima peke yangu.

Ningeweza bado kumwokoa, na hili ndilo sijawahi kumwambia mtu. Miezi kama mitatu baadaye alikuja mwanamke kutoka Nakonde, mnene, mwenye kitenge cha rangi ya chungwa. Nilikuwa peke yangu mlangoni.

"Mulishani mukwai," alinisalimu, kisha akageukia Kiswahili cha sokoni. "Kamwana, namtafuta Meri. Mwenzangu yule. Haji, haji, haji. Nimeuliza watu mpaka nimefika hapa. Nimemletea mzigo wake kidogo."

Aliushika mkoba wake kwa nguvu. Niliukumbuka ukurasa uleule: mtu wa siri akipotea, mwenzake humfuata. Nikamtazama usoni bila kupepesa, kama kitabu kilivyoelekeza.

"Hapa hakuna Meri," nikasema. "Hatumjui."

"Mwanamke wa Iyula, mrefu hivi..."

"Hatumjui, mama."

Alisimama kidogo, akashusha pumzi, akaondoka. Nilimwangalia mpaka akapotelea kwenye malori. Nilijivunia sana siku ile. Niliandika saa.

Shangazi alikufa mwaka uliofuata, kahawa ikichumwa. Wanasema alianza na kikohozi, kisha vidonda mdomoni, kisha hakuweza kusimama. Inasemekana mara mbili alitoka kwa miguu kuelekea barabara kuu, na mara zote mbili vijana wa baba mkubwa walimrudisha, kwa sababu ndivyo walivyoagizwa. Tulikwenda kuzika. Alikuwa mdogo sana ndani ya shuka. Bibi alisema uovu humla mwenyewe, na wanawake wakaitikia kwa kichwa. Mimi nililia, lakini nililia kama anavyolia mtu aliyefanya jambo la haki lililomuuma.

Nilielewa nikiwa sekondari, kidato cha pili, muuguzi alipokuja darasani akaweka mezani kichupa na vidonge akaeleza vinavyomezwa kila siku saa ileile. Mwenzangu akauliza mgonjwa akiacha inakuwaje, muuguzi akajibu. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilimwambia Mama likizo ilipofika. Alikuwa anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaliyopita si ndwele. Usimwambie Bibi yako." Akaendelea kupepeta. Hatukulizungumza tena mpaka nilipomfukia mwezi uliopita.

Sasa nilikaa na kile kitabu cha afya magotini. Nilipapasa zile ncha zilizokatwa, laini, kazi ya wembe na ya mtu mwenye subira. Kisha nikafanya jambo ambalo mpelelezi wa miaka kumi hakuwahi kulifanya: nikafungua mwanzo, penye orodha ya yaliyomo. Nilishuka kwa kidole mpaka kwenye kurasa zilizokosekana. Ilikuwa imeandikwa wazi kabisa, kwa herufi nene, kuishi na virusi vya UKIMWI. Ilikuwapo siku zote. Nilikuwa nasoma vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani, na sikuwahi kugeuza ukurasa ule.

Ezekia aliporudi nilimwonyesha. Nilimweleza yote, kopo, benchi, chupa, mwanamke wa kitenge cha chungwa. Alisoma ile orodha akifuata kwa kidole, mtu mzima wa mabega mapana, mwenye afya ya kushukuru Mungu.

"Kwa hiyo hakuniwekea kitu," akasema.

"Hakukuwekea kitu, Zeki. Yeye ndiye aliyekuwa anaichemsha chupa."

Nje bajaji ilikuwa inanguruma.

"Lakini alipoondoka," akasema, "nilipona."

"Ulipona kwa sababu Mama alikunyonyesha."

"Dada." Alinishika bega, sauti ya chini, ile tunayotumia kwa wafiwa. "Msiba unachosha. Umechoka. Mama mwenyewe alinisimulia mara ngapi? Wewe ulinipigania mle ndani, mtoto wa miaka kumi, na leo unataka kujivua sifa hiyo?"

Sikuwa na ushahidi mwingine. Kopo lilikwishatupwa, Bibi hayupo, Baba hayupo, Mama tumemzika. Mwanamke wa Nakonde sikumuuliza hata jina. Nilimtazama Ezekia akiinama, akakirudisha kitabu ndani, akafunga mfuniko wa boksi, akalibeba begani akatoka nalo. Nilimsikia akimwambia dereva aliweke vizuri, ni vitabu vya mtoto.

Baada ya muda kidogo akarudi na kitabu kimoja mkononi. Kilikuwa kile cha afya. Akakiweka juu ya chaga za kitanda, karibu yangu.

"Hiki baki nacho," akasema. "Kimechanika. Mtoto atajifunza nini humu?"